Tuliowahi kuigiza mambo ya kale, tupeane uzoefu

Mtoto wa Malindi: Assalaam alaykum. Leo nimepita Forodhani nikamsikia mtembeza wageni anasema hapa ndo palipopigwa vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38, wageni wakacheka. Mie sikucheka. Skuli tuliviigiza vita hivyo vya Waingereza na Sayyid Khalid, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar, vya tarehe 27 Agosti 1896, mwalimu akakataa tufupishe, akaweka saa mezani, saa tatu na dakika mbili debe la kwanza likagongwa kama mzinga na sisi watu wa Sayyid Khalid tumelala kifudifudi nyuma ya makasha mpaka muda uishe. Madebe, vumbi, mwenzangu akaanza kulia kweli. Wallahi dakika 38 ni nyingi! Upande wa kasri walikufa na kujeruhiwa watu kama 500. Kitabuni nilisoma tu, pale sakafuni ndo nilifahamu, na toka siku hiyo sijaacha kuigiza. Nyie je?

Kae Kusini: Mie kila Julai Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya Makunduchi, naingia uwanjani na kigogo cha mgomba, nachapwa nachapa, tukimaliza kinyongo hakuna.

Yakhe wa Wete: Hiyo si kuigiza shekhe, hiyo mila.

Kae Kusini: Kibanda kinachomwa moto, mtu anatoka mbio ndani, si kuigiza hiyo? Na nyie Pemba mchezo wa ng'ombe mnasema wazee waliupata kwa Mreno, mwauitaje?

Yakhe wa Wete: Ng'ombe haigizi yakhe, ukidanganya pembe itakwambia.

Binti Ng'ambo: Mnagombana bure. Tangu nisome ya kaka wa Malindi roho inanienda mbio. Mie niliigiza mtumwa, soko la watumwa la Mkunazini kabla halijafungwa 1873. Wasichana saba, kamba shingoni, mnyororo tuliazima mmoja wa mbwa tukauweka mbele uonekane, na kila mmoja kajifunga kanga mpya ya mamake bado inanukia dukani. Tukaingia mstari mmoja. Bibi yangu alikuwa safu ya mbele, akainuka akapiga kelele ukumbi mzima: "Zivueni kanga hizo! Nani kakwambieni mtumwa anavaa kanga?" Mwalimu kaganda. Mie siwezi hata kugeuza shingo, natamani ardhi ipasuke.

Nyumbani hakunigombeza. Alikaa kitandani akanambia bibi yake yeye aliletwa kutoka bara akiwa mdogo, akavaa kaniki, kile kitambaa cheusi, mpaka utumwa ulipofutwa 1897, na kanga yake ya kwanza aliinunua kwa pesa ya kuchuma karafuu, akashinda nayo siku tatu akilala nayo. Kwetu jambo hilo halitajwi, mie sikuwa najua kama damu yangu imepita huko. Onesho la pili alitununulia kaniki Darajani kwa pesa yake akatufunga kwa mkono wake, juu ya kifua, mabega wazi. Rangi ilitoka, ikatuganda kwapani siku mbili.

Mama Twins Mkoani: Pole dada. Mwili umenisisimka.

Fundi Jang'ombe: Mie sikubali mtoto kufungwa kamba shingoni. Igizeni siku walipoachwa huru basi.

Mtoto wa Malindi: Bila ile kamba, kanga ya yule bibi utaifahamu vipi?

Fundi Jang'ombe: Hata kama. Kamba ikinasa je?

Kae Kusini: Funga fundo la kufunguka kwa mkono mmoja. Na waulizeni wazee kabla ya kuchagua nguo.

Yakhe wa Wete: Wazee wengine wanachanganya, babu yangu aliapa kamuona Sultani Sayyid Barghash kwa macho, na huyo kafa 1888!

Mama Twins Mkoani: Binti Ng'ambo, kaniki hiyo unayo bado? Skuli ya wanangu wanatayarisha mchezo huohuo, wameambiwa walete kanga.

Binti Ng'ambo: Ninayo, iko sandukuni na nguo za bibi. Nitaileta, ila ukiifua iloweke peke yake.