Yule jamaa wa printa hapa Kisumu, ati "nyeusi ni nyeusi boss"

Sitamtaja. Mnamjua nyote, ukishuka Kibuye unasikia spika yake kabla hata uone kibanda. Nimetoka kwake saa hii na mikono bado inatetemeka.

Nilimpelekea picha ya babu ya blak-en-wait, ya ukumbusho Jumamosi, ile ya suti na masharubu. Nikamwambia kwa heshima, kaka hii karatasi ni ya glosi, ile ya kung'aa, usinipigie na ule wino mweusi wa barua. Akaniangalia ni kama nimemuomba figo. "Nyeusi ni nyeusi boss." Mbele ya wateja!

Nimefika nyumbani, nyanya akapangusa vumbi na kona ya leso, masharubu ya babu yakabaki kwa leso. Masharubu ya tangu enzi za Kenyatta wa kwanza, yameisha kwa sekunde! Nikamrudishia, akacheka, ati nyanya amesugua sana, na nyeusi ni nyeusi.

SI NYEUSI NI NYEUSI! Ule wake ni wa pigmenti, yaani chembe ndogo za rangi, umetengenezewa karatasi ya kawaida ushike kwa nyuzi, kwa glosi unakaa juu juu hauingii. Printa kama yake ukiiambia ni glosi yenyewe inaacha ule mweusi inachanganya wino za rangi, lakini yeye kubadilisha setingi moja ni kazi ya kupandisha mlima. Nyeusi ni nyeusi, mbele ya watu!

Samaki Mbichi: Huyo huyo! Mimi alinitolea shangazi, nje kwa jua yuko sawa, ingiza ndani kwa taa ya tyubu anageuka kijani kama sukuma. Hiyo kijivu anaipika na rangi tatu, moja ikizidi kidogo umeisha. Printa za wino mweusi viwango vitatu, mzito, wa kati na mwepesi, ziko tangu 2005, yeye hajasikia.

Jirani wa Nyalenda: Mwenye uzi ulilipa ngapi? Pesa ya fotokopi unataka kazi ya maonyesho. Si ungeleta karatasi ya pamba ya gramu 308 na printa yako juu ya kichwa 😂😂

Mwenye uzi: Nililipa bei ya foto! Na hata ingekuwa bure, unaambia mtu amefiwa nyeusi ni nyeusi??

Jirani wa Nyalenda: Lakini babu bila masharubu si amekaa kijana 😂

Kimya Kingi: Nyinyi mnalia masharubu, huku Nakuru wa pasipoti alinikata sikio lote.

Mama Pacha: Sikio ni nini, cheti cha mtoto wangu kililaminetiwa na nzi ndani. Mzima. Na mabawa.

Kimya Kingi: Nzi 😭😭 wapi hapo, nisiende?

Mama Pacha: Tao, karibu na steji. Kwani nani anajua pa kulamineti Nakuru bila mapovu, nina vingine viwili.

Samaki Mbichi: Usilamineti cheti mama, watakikataa.

Mama Pacha: Nani amesema?? Niambie vizuri.