Nina miaka 36, nahisi nina usonji (autism). Mtu mzima anapimwa wapi, na anaanzaje?

MamaWawili_Dom
Habari za leo wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunicheka.

Mwaka jana mwanangu wa pili, ana miaka mitano, aligundulika ana usonji. Siku ile kliniki daktari alikuwa ananiuliza: anapanga vitu kwa mstari? Nguo ikiwa na lebo shingoni analia? Mkibadilisha njia ya kwenda dukani anagoma? Kila nikijibu ndiyo, nilikuwa najiona naulizwa mimi. Lebo za nguo zangu nazikata zote kwa wembe, hata gauni nililoshonewa harusi ya shemeji. Kazini, mimi ni mhasibu, wananiita Kompyuta kwa sababu nakumbuka namba za vocha za miaka mitatu nyuma. Ila mtu akinitania, utani naupata kesho yake nikiwa naoga.

Salamu hazinisumbui. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, za watoto: kila mtu anajua kinachofuata. Balaa ni salamu zikiisha. Hapo sijui niseme nini wala mikono niiweke wapi. Msibani ndiye mimi wa kwanza kwenda kuosha masufuria nyuma ya nyumba. Wanasema nina moyo wa kujitolea, kumbe nakimbia kelele za pale kwenye turubai. Nikirudi najifungia chumbani nimezima taa, na watoto wanajua mama hasemeshwi.

Mume wangu anasema najitafutia ugonjwa. Nauliza: mtu mzima anapimwa kweli? Naanzia wapi? Na hiyo karatasi ya daktari itanisaidia nini?

Kichuguu
Dada umeolewa, una watoto, una kazi. Usonji uko wapi hapo? Punguza simu, ongeza sala.

Nesi_wa_Zamu
Kichuguu, ndoa si kipimo cha hospitali.

Dada, niko idara ya afya ya akili mwaka wa tisa huu. Mtu mzima anapimwa. Hakuna cha damu wala picha ya ubongo, ni mahojiano marefu, mara nyingi zaidi ya siku moja. Anza na daktari wa kawaida hospitali iliyo karibu nawe, akuandikie rufaa. Kwa jina lako naona uko Dodoma, kwa hiyo Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapo hapo. Najua watu wanavyolitania hilo jina, wewe nenda. Walioko Dar wana Muhimbili. Ila kabla ya kupanga siku, uliza kama yupo daktari bingwa au mwanasaikolojia tiba aliyewahi kumtathmini mtu mzima, maana wengi wetu mikono yetu imezoea watoto. Usipouliza utajikuta benchi moja na watoto wa chekechea.

Kikubwa kuliko vyote: dalili lazima ziwe zilianzia utotoni, hata kama zilijificha hadi maisha yalipokuzidi uzito. Kwa hiyo tafuta shahidi. Mama akiwepo vizuri sana, la sivyo shangazi au dada mkubwa. Ripoti za shule ya msingi nazo beba, hasa pale mwalimu alipoandika maoni. Na ujiandae, daktari anaweza kukuta ni sonona, au hofu ya kukaa na watu, au jeraha la zamani la nafsi. Wengine wanakutwa na viwili kwa pamoja.

Fundi_Redio
Hata mimi nakata lebo, nami nikapimwe?

Nesi_wa_Zamu
Lebo tu haitoshi mkuu. Tunaangalia kundi la mambo, na kama yanakukwamisha kuishi.

Mzigua_Leicester
Dada yangu, mimi niligundulika na miaka 41, huku Uingereza. Nilianza kwa daktari wa familia, akanipa maswali 10. Ukifikisha alama 6 unapelekwa mbele. Mbele kwenyewe nilisubiri miaka miwili na ushee, kwa hiyo msidhani foleni iko kwetu tu.

Utakutana mtandaoni na lile dodoso la maswali 50 lililotungwa Cambridge, likatoka 2001. Watu wakipata 32 wanajitangaza. Hilo ni la kukuonyesha njia tu, halitoi hukumu. Tena lina maswali ya kwao: ungependa kwenda maktaba au kwenye sherehe? Mimi nimekulia Handeni, maktaba nimeiona kidato cha tano!

Na hili la kutazamana machoni lisemee mapema. Nilimwambia mtathmini kwamba kwetu mtoto akimkodolea macho mkubwa anachapwa, kwa hiyo asinihesabie hilo. Akakubali, kisha akauliza: na rafiki wa rika lako, unamtazama? Hapo nikakosa jibu.

Andika kurasa mbili za matukio, uache majumla. Usiseme "nina shida ya kuchangamana". Mimi niliandika: nilikaa garini dakika 40 nje ya ukumbi wa harusi ya mpwa wangu, halafu nikawasha gari nikarudi nyumbani. Siku ya kwanza nilikosea, nilienda na sura yangu ya kazini, tabasamu na kila kitu, nikaigiza mzima mbele ya mtu niliyemfuata anione nilivyo.

Karatasi? Dawa ya usonji hakuna. Kazini walinihamisha meza kutoka mlangoni na wakaanza kuniandikia maagizo badala ya kunitamkia. Lakini faida yangu kubwa ni kwamba niliacha kujiita mpumbavu kila nikitoka kwenye watu.

Nesi_wa_Zamu
Naongezea kwa Tanzania: tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, nayo inamgusa mwajiri. Lakini usikimbilie kumwonyesha bosi. Karatasi ni yako, mjue kwanza bosi mwenyewe.

MamaWawili_Dom
Asanteni sana, hata Kichuguu. Jana nimempigia mama, yuko Singida. Nikamuuliza nilikuwaje mdogo. Akacheka sana. Anasema nilichelewa kusema hadi miaka minne, na kutwa nilikuwa chini ya mwembe napanga vizibo vya soda kwa rangi. Kuku akipita juu yake, nalia mpaka jua linazama. Waliniita Bibi Vizibo, mimi sikumbuki kabisa.

Nikamwambia kwa nini nauliza. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema: "Basi ukienda huko, nenda na baba yako."

Nesi, wanapokea wawili siku moja?