Halmashauri inataka kupanga shamba la familia, wadogo zangu wanataka kuuza vipande: naomba ushauri

Mkorosho

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo. Baba yetu alifariki akatuachia shamba la ekari nne pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa kusini, lenye mikorosho, minazi michache, kisima kimoja na nyumba anayoishi mama. Alipofyeka pori hilo, eneo lilikuwa kijiji. Leo ni mtaa wenye mwenyekiti na mtendaji wake, bodaboda zinafika hadi mlangoni, na majirani wa pande mbili wamekwisha kuuza karibu kila walichokuwa nacho kwa vipande vya mita ishirini kwa ishirini. Upande wa magharibi, ambako tulikuwa tukiokota kuni, sasa kuna kuta za matofali zilizoachiana kichochoro ambacho gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita.

Mwezi uliopita tuliitwa mkutanoni. Maofisa wa ardhi walieleza kwamba eneo letu limo ndani ya mpango wa kina wa makazi, kwamba halmashauri haina viwanja vilivyopimwa vya kutosheleza maombi iliyo nayo mezani, na kwamba wenye mashamba yaliyobaki wana njia mbili. Ya kwanza ni kupangiwa na kupimiwa kwa ubia, ambapo katika kila viwanja kumi mwenye shamba abaki na sita na halmashauri ichukue vinne kufidia gharama zake. Ya pili ni kufanyiwa tathmini, kulipwa fidia na kuondoka. Tulipouliza mchoro uko wapi, tuliambiwa bado unaandaliwa.

Wadogo zangu wawili wanashikilia njia ya tatu. Dalali wa mtaani anao wateja wenye fedha taslimu, nao wanataka tukate vipande haraka kabla mchoro haujapitishwa. Mama hasemi lolote, isipokuwa kila mara anauliza kaburi la baba litaangukia upande gani. Naomba ushauri kwa aliyewahi kupitia jambo hili, au anayelifahamu kwa kazi yake.

Mzee wa Mchoro

Ndugu Mkorosho, nimestaafu katika kazi ya mipango miji, kwa hiyo nianze kwa kukueleza kwa nini wamekujia, maana ukilielewa hilo utajua pia una nguvu kiasi gani mezani.

Watu wengi hudhani halmashauri ina akiba ya ardhi mahali fulani na inakataa tu kuitoa. Haina. Ardhi ya pembezoni iko mikononi mwa watu kama mama yako, na halmashauri ikitaka kutoa viwanja ni lazima kwanza iipate ardhi hiyo kwa fidia au kwa maelewano, kisha ilipie upangaji, upimaji na uchongaji wa barabara kabla haijauza kiwanja hata kimoja. Mtaji huo ndio unaokosekana. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulifanikiwa kwa sababu Hazina ilitoa mkopo, fidia ikalipwa, viwanja vikapimwa Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Buyuni na kwingineko, mauzo yakarudisha mkopo, na hatimaye vikapatikana zaidi ya 30,000. Kasoro yake ni kwamba vingi vilinunuliwa na wenye uwezo waliovizungushia ua na kuviacha majani yaote, huku mwenye kipato kidogo akirudi kulekule kwenye ishirini kwa ishirini. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa tena shilingi bilioni 50 kuzikopesha halmashauri, bila riba, kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha, lakini halmashauri ni nyingi na mahitaji hayasubiri. Ubia wa viwanja sita kwa vinne umezaliwa hapo: halmashauri isiyo na fedha ya fidia inakulipa kwa sehemu ya ardhi yako mwenyewe.

Mji huu ulikuwa na mipango kabambe, yaani ramani kuu za kuongoza ukuaji wa mji mzima, ya mwaka 1949, 1968 na 1979. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao hawakusubiri mchoro. Walinunua kwa watu kama majirani zako, na ndiyo maana makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Ushauri wangu ni kwamba msiuze vipande, lakini pia msikubali sita kwa vinne bila kuuona mchoro.

Hesabu Kwanza

Naona kila mtu anazungumzia njia hizi kana kwamba zinapimwa kwa mizani moja. Ekari nne ni takriban mita za mraba 16,000. Tuseme barabara, eneo la wazi na huduma nyingine za jamii vitachukua theluthi moja. Mtabakiwa na kama mita za mraba 10,700, ambazo kwa viwanja vya mita za mraba 500 ni viwanja 21. Sita katika kila kumi maana yake ninyi mnapata 12 au 13. Mkikata ishirini kwa ishirini na kuacha vichochoro tu, mtapata vipande kama 34. Kwa hiyo ubia utawalipa iwapo tu kiwanja kilichopimwa katika eneo hilo kinauzwa karibu mara tatu ya bei ya kipande. Msikisie bei hiyo, wala msimwulize dalali mwenye wateja mkononi. Nendeni mtaa wa jirani uliokwisha kupimwa, ulizeni watu watatu walionunua mwaka huu.

Kuna jambo jingine ambalo mkutanoni huwa halisemwi. Theluthi ya barabara na huduma inatoka kwenye shamba lenu kabla ya mgawanyo, kisha vinne katika kumi vinatoka kwenye kilichobaki. Ukizidisha, familia inabaki na asilimia 40 tu ya ardhi yake. Watawaambia mnatoa asilimia 40, kumbe mnatoa 60. Mimi ningeomba saba kwa tatu, au sita kwa vinne kwa sharti kwamba halmashauri ilipie hati za viwanja vyetu pamoja na tozo ya mbele, yaani ile inayolipwa mara moja wakati wa kumilikishwa.

Nimechoka Kusubiri

Samahanini, nitasema kinyume. Mtaani kwetu tulichangishwa fedha za urasimishaji, yaani kupimiwa nyumba zilizokwisha kujengwa bila mpango ili zipate hati, kampuni ya upimaji ikaja na vijana wawili na kamba, ikachimbia bikoni nne, zile nguzo fupi za mipaka, kwenye kona ya barabara, ikapiga picha na mwenyekiti, na tangu siku hiyo hatujaiona tena. Huu ni mwaka wa sita. Moja ya bikoni hizo sasa ni kigoda cha mama anayeuza vitumbua. Mtu mwenye wadogo wanaohitaji ada ya shule leo haishi kwa ahadi ya mchoro. Fedha ya kipande ni ndogo lakini unaihesabu jioni hiyohiyo. Ningekuwa mimi, ningeuza.

Mzee wa Mchoro

Ndugu Nimechoka Kusubiri, uchungu wako nauelewa na sitautetea uzembe huo. Ila mweleze Ndugu Mkorosho yaliyobaki. Mnunuzi wa kipande ndani ya eneo ambalo mpango wake umekwisha kutangazwa ataanza msingi bila kibali cha ujenzi, nguzo za barabara zitapita sebuleni kwake, alama nyekundu ya X itachorwa ukutani, na mtu wa kwanza atakayemtafuta ni aliyemuuzia. Tena dalali hupima kwa hatua za miguu, si kwa futi kamba, na hatua zake hupungua kadiri vipande vinavyoongezeka. Nimeketi katika vikao vingi vya usuluhishi ambavyo chanzo chake kilikuwa hatua hizo.

Msoma Sheria

Mmejadili bei na mchoro kabla ya kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Ndugu Mkorosho hakusema kama mirathi imefunguliwa. Kama haijafunguliwa, hakuna hata mmoja wenu, akiwemo mama, anayeweza kuuza kipande au kuingia ubia kwa niaba ya marehemu, na mnunuzi anayejua mambo atalitumia hilo kushusha bei. Fanyeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, na ikiwa mirathi yenu inafuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, mpeleke maombi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa anayo miezi minne ya kuorodhesha mali kwa Fomu Namba 5, kisha hutoa hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Namba 6 kwa muda unaopangwa na mahakama.

Kuhusu njia ya fidia, msiogopeshwe na maneno kwamba hamna hati. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufaa, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilikubali kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na ndani yake huhesabiwa thamani ya soko ya ardhi, mazao na majengo, posho ya usumbufu, usafiri, na kwa mwenye nyumba anayoishi, pango la miezi 36. Mikorosho ihesabiwe mmoja mmoja mkiwapo; mtu wa familia aandike idadi yake kwenye daftari kabla ya kutia sahihi fomu ya mthamini. Chini ya Sheria ya Uthamini Namba 7 ya 2016, fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita baada ya tathmini kuidhinishwa inaanza kuzaa riba, na tathmini isiyolipwa ndani ya miaka miwili inakufa na kurudiwa upya.

Mkichagua ubia, makubaliano yasiishie kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa. Yawe mkataba unaotaja namba za viwanja na kitalu, nani analipia nini, tarehe ya mwisho ya upimaji kuidhinishwa, na kitakachotokea tarehe hiyo ikipita. Viwanja sita visivyotajwa kwa namba vinaweza kuwa sita vya bondeni.

Mama Kitalu

Mwanangu Mkorosho, mama yako ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko ninyi nyote. Mchoro unapoandaliwa ndio wakati wa kuzungumza, kwa sababu ukishapita kwenye kamati ya halmashauri na kuidhinishwa wizarani, kuusogeza mstari mmoja ni barua, ada na miezi. Mchukue mama mwende naye ofisini, muombe kuuona hata kama bado ni wa penseli. Sisi tulichelewa, na mwembe alioupanda mkwe wangu leo uko ndani ya ua wa mtu tusiyemjua.

Ombeni mambo matatu tu, maana mkiomba kumi hamtasikilizwa: nyumba ya mama ibaki ndani ya kiwanja kimoja chenye jina lenu, kaburi lisiwe barabarani, na viwanja vyenu vipakane badala ya kutawanywa. Kaburi likiangukia barabarani litahamishwa kwa utaratibu wa sheria ya mwaka 1969, na mjane hapaswi kufikishwa huko ikiwa kuna nafasi ya kuipinda barabara.

Mkorosho

Nawashukuru sana, na nimerudi na taarifa. Jana nilikwenda na mama. Afisa alisita kwanza, kisha akaukunjua mchoro juu ya meza na kuuwekea stepla na kikombe cha chai kwenye kona ili usijikunje. Ilituchukua muda kulitambua shamba, mpaka mama alipoweka kidole kwenye njia ya zamani ya kisimani na kuhesabu kuanzia hapo. Kisima kiko katikati ya barabara ya mita 12. Nyumba imekatwa na mpaka wa viwanja viwili. Kaburi la baba limo ndani ya sehemu iliyopakwa kijani, yaani eneo la wazi, na mama alifurahi, akasema basi hapo hakuna atakayejenga.

Kuhusu mgawanyo, afisa alikiri kwamba sita kwa vinne ni pendekezo tu na kwamba hakuna mkataba ulioandikwa bado. Bei nimeziuliza kwa watu watatu kama nilivyoelekezwa: wawili walinunua kiwanja kilichopimwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya kipande cha kwetu, na mmoja kwa mara mbili na nusu. Wadogo zangu wamekubali kusubiri mirathi, ingawa mmoja ameuliza kusubiri huko ni hadi lini, na sikuwa na jibu. Swali langu lililobaki ni hili: kaburi liachwe kwenye kijani kama anavyotaka mama, au niombe liingizwe kwenye kiwanja chetu?

Mzee wa Mchoro

Omba liingizwe kwenye kiwanja chenu, na uandike barua wiki hii, igongwe muhuri wa masijala kwenye nakala utakayobaki nayo. Kijani cha kwenye karatasi kinalindwa na sheria, lakini nimeona maeneo ya wazi mengi yakigeuka gereji, baa na vibanda, na anayeyavamia hasomi rangi za mchoro. Katika barua hiyohiyo omba mpaka usogezwe ili nyumba iingie kiwanja kimoja; kwa hatua waliyofikia, hiyo ni kazi ya kifutio. Kisima usikipiganie, ila hakikisha kimeandikwa kwenye orodha ya mali zilizoathirika, kwa sababu barabara ikichongwa kabla hakijaandikwa, hakuna mthamini atakayeamini kwamba kilikuwapo.