Tupeane uzoefu: Kupanda Mlima Meru wakati wa kiangazi

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Naomba waliopanda Mlima Meru katika miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, tupeane uzoefu, kwa sababu wengi wetu tunauona kila siku tukiwa Arusha mjini lakini safari tunazipanga za Kilimanjaro. Naanza na wangu.

Tuliingia kwa lango la Momela mwezi Julai, tukiongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa nyati hukatiza njia ile wakati wowote. Siku ya kwanza ni msitu na mbega hadi kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Ya pili ni ngazi baada ya ngazi hadi kambi ya Saddle, mita 3,570. Usiku wa kilele tuliondoka saa saba. Kosa langu lilikuwa maji: chupa niliichomeka pembeni mwa begi, na nilipotaka kunywa baada ya kupita Rhino Point nikakuta barafu imeziba mdomo wake, nikatembea na kiu mpaka kulipokucha. Wekeni chupa ndani ya begi, kichwa chini, maana maji huanza kuganda kwa juu. Hata hivyo, jua lilipochomoza ubavuni mwa Kibo na kuangaza ukuta wa kreta na kile kilima cha majivu kilichoko chini yake, kiu niliisahau kabisa.

Mchangiaji wa pili:
Ahsante, mtoa mada. Mimi sikufika kileleni, mita 4,562. Kampuni iliyotuongoza ilitupangia siku tatu, na jioni tulipofika Saddle nililala badala ya kupanda Meru Ndogo, kilele kidogo kilicho karibu na kambi hiyo, mita 3,820, ili kuuzoesha mwili. Usiku kichwa kiliuma nikatapika mara mbili. Mwongozaji akaniambia, "Dada, tushuke, mlima utaukuta hapa hapa." Namshukuru sana, na safari ijayo nitakwenda kwa siku nne.

Mchangiaji wa tatu:
Kwangu kushuka ndiko kulikonitesa, kwa sababu kutoka kileleni hadi Miriakamba ni mteremko wa mita zipatazo 2,000 kwa siku moja, na changarawe ya majivu huteleza. Nilipovua soksi, kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi. Kateni kucha kabla ya safari, kazeni kamba za viatu vizuri, na chukueni fimbo mbili, hasa sisi tuliovuka miaka 50.