Aligonga boneti mara mbili, kisha akauliza mazishi ni lini

Kilomita Laki Tatu (mleta mada)

Wakuu, naandika haya mikono ikiwa bado inatetemeka. Fundi mwenyewe mnamjua, na sina haja ya kumtaja, kwa maana hakuna mwenye gari la otomatiki la zamani ambaye hajawahi kusimama mbele yake kama mshtakiwa. Leo nimempelekea gari langu lililokwisha kutembea kilomita 312,000, nikamweleza kwa adabu zote kwamba asubuhi nikiweka gia ya D linanyamaza kwanza kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni aliyekwisha kumkumbatia, kisha linashtuka kwa kishindo ndipo linaondoka, na kwamba likifika kilomita 70 kwa saa linatetemeka kana kwamba linapita juu ya matuta ambayo mimi siyaoni. Hakufungua boneti. Hakuvuta kijiti cha kupimia oili. Aligonga boneti mara mbili kwa kidole kimoja, kama mtu anayebisha hodi, akatega sikio, akawageukia wateja waliokuwa wakisubiri, akauliza: "Mazishi ni lini?"

Watu wakacheka. Hata mwenye baiskeli aliyekuja kujaza upepo alicheka, na baiskeli yenyewe haina mnyororo.

Tangu lini giaboksi ikapimwa kwa kubishiwa hodi? Gari ni la zamani, nakubali. Mimi pia ni wa zamani, lakini nikienda hospitalini sigongwi kwenye paji la uso mara mbili na kuulizwa habari za mirathi. Kisha akaniambia niweke giaboksi nyingine nzima, leo hii, na kwamba anayo moja "safi kabisa" nyuma ya karakana. Nilikwenda kuiona. Kuku alikuwa ameatamia juu yake, na alinitazama kwa heshima kuliko fundi. Mara mbili, wakuu! Ko, ko.

Gia ya Tatu

Pole sana, mleta mada. Langu hakuligonga, bali alipiga honi, ikalia, akasema roho ingali imo lakini mwili umechoka. Akanibadilishia giaboksi nzima na kishindo kikabaki vile vile, kwa sababu kilichokuwa kimekufa ni mauntini za injini, zile raba zinazoishikilia. Zikichoka, kila ukiingiza D au rivasi injini inaruka mahali pake, nawe unailaumu giaboksi isiyo na hatia.

Mzee wa Nyutro

Kabla sijalia pamoja nawe, mleta mada, naomba unijibu: wewe mwenyewe ulivuta kijiti cha oili ya giaboksi? Nasema kukivuta ipasavyo, yaani gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imepata moto na inaunguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P, ile ya kuegesha. Ingawa yapo magari, kama Honda nyingi, ambayo huzimwa kwanza, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe. Oili iliyo nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za klachi zimeanza kulika. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani kupitia kipozeo cha oili, na hapo usiliwashe tena hata kwa kulihamisha kivulini. Kuchelewa kushika D asubuhi mara nyingi hutokana na oili iliyopungua au sili zilizokakamaa, mambo ambayo hayahitaji jeneza.

Kilomita Laki Tatu

Sikukivuta. Hata hivyo, hilo silo tunalolizungumzia. Tunazungumzia kwamba aligonga mara mbili, mbele ya watu.

Gia ya Tatu

Kumbe boneti hiyo ilikataliwa kufunguliwa na watu wawili!

Mpanda Mlima

Afadhali wewe uliyegongewa. Langu lilihitaji oili ya Type T-IV, naye akamimina ya galoni lisilo na kibandiko, akisema nyekundu ni nyekundu. Tangu siku hiyo, likitoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki, kama mtu anayekimbia ndotoni. Nilipolalamika aliniambia nipunguze kupanda milima.

Oili Nyeusi

Kosa lako lilikuwa kuibadilisha. Gari likipita kilomita 200,000 na oili ileile, liache hivyo hivyo, kwa kuwa ule uchafu ndio unaozishika klachi.

Mzee wa Nyutro

Hiyo ni imani, ndugu yangu. Giaboksi nyingi zinazokufa wiki moja baada ya kubadilishiwa oili zilikuwa zimekwisha kuanza kufa, na ndiyo sababu mwenyewe alikumbuka oili. Kwa gari lililozeeka, sishauri kuisukuma yote itoke kwa mashine; fungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, badilisha chujio, futa sumaku iliyomo, jaza ya aina iliyoandikwa kitabuni, tembea siku chache, urudie, kwa maana sehemu kubwa ya oili ya zamani hubaki ndani ya torki konveta, kile chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Ungaunga wa kijivu juu ya sumaku usikutishe. Ukikuta vipande vya chuma, basi hapo ndipo yule bwana anaweza kugonga boneti.

Kilomita Laki Tatu

Naomba turudi kwenye boneti. Alitumia kidole cha shahada. Kingekuwa kiganja, pengine ningesamehe.

Taa ya Dashibodi

Samahani kwa kuingilia. Langu ni Toyota ya mwaka 1996, taa ya O/D OFF, ile ya ovadraivu (gia ya juu ya mwendo kasi), inawaka na kuzimika yenyewe, na gia hazibadiliki inavyopaswa. Nililipeleka kwa yule mwingine, wa karakana ya pili, mnamjua. Alichomoa balbu ya taa hiyo, akanikabidhi mkononi, akasema tatizo limekwisha.

Gia ya Tatu

Alikukabidhi balbu! Uzi huu umepata mwenyewe.

Kilomita Laki Tatu

Nimevuta kijiti sasa hivi. Oili haifiki hata alama ya chini, na ile kidogo iliyopo ina rangi ya kahawa. Lakini kwa nini agonge mara mbili, wakuu? Moja isingetosha?

Mzee wa Nyutro

Bwana Taa, irudishe balbu hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo inayosema. Tafuta kisanduku cha kupimia chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, swichi ya O/D ikiwa imewashwa, kisha uhesabu.

Taa ya Dashibodi

Nimehesabu. Inawaka mara sita, inapumzika, kisha mara mbili.

Mzee wa Nyutro

Hiyo ni namba ya hitilafu 62, saketi ya solenoidi ya kwanza, yaani vali ya umeme inayobadilisha gia. Anza kwa kukagua waya na soketi yake kabla hujagusa sampu. Na balbu uliiokota wapi, au bado ulikuwa nayo mfukoni?