Tupeane uzoefu: kuwapeleka kisiwani wajukuu waliokwisha kuota ndevu

Bibi wa Chumbageni
Assalaam aleikum wenzangu. Shule zikifungwa Desemba naletewa watatu kutoka Dar: wa miaka 13, wa 15, na "mume wangu" wa 16, ambaye siku hizi hata kucheka anacheka kwa mgao. Zamani nikiwapeleka ufukweni Raskazone, hapa hapa Tanga, wakaoga, tukala mihogo na kachori, siku imekwisha. Sasa wananiambia, "Bibi, pale tumeshapazoea." Nataka siku mbili, moja ya kisiwani. Toten, kile cha hapa mjini, au Maziwe, kile cha Pangani? Waliokwenda na rika hili wanieleze yaliyowakuta. Hela ni ya pensheni, sina ya kujaribia.

Babu wa Pongwe
Nianze na aibu yangu. Niliwachukua wanne kwenda Maziwe, siku nikaichagua kwa kalenda ya shule, yaani Jumamosi. Tukaenda Pangani, kama kilomita 50, tukavuka mto kwa pantoni, tukalala kijiji cha Ushongo, pwani ya ng'ambo. Asubuhi saa nne tumo baharini, nahodha ananyoosha kidole: "Kisiwa ndicho kile." Natazama, naona maji. Rangi yake tu ilikuwa ya kijani kuliko ya pembeni. Mjukuu wangu wa kike akaniuliza taratibu, "Babu, umelipia maji?"

Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga. Mivinje iliyokuwa juu yake ililiwa na bahari, ikawa imekwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na maji yakijaa fungu linazama lote. Mimi mtoto wa Handeni, bahari naijua kwa samaki wa sokoni. Nahodha alijua tangu jana yake. Hakusema, nami sikuuliza.

Mama Mvuvi, Kigombe
Babu pole, ila umenichekesha mpaka chai imenimwagikia. Bi mkubwa, shika mwezi, Jumamosi achana nayo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua: mnamo saa nne au saa tano asubuhi maji yanakupwa mno, fungu linatoka jeupe. Ondokeni Ushongo saa mbili na nusu, saa saba mgeuze. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na asubuhi hiyo ndiyo yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukikosea siku moja si neno. Ukikosea wiki ndiyo hayo ya babu.

Wa Juni na Julai mjue kuna upepo wa kusi, mtarudi mnatapika. Halafu Maziwe ni hifadhi, ina kiingilio chake. Uliza kabisa kama kimo kwenye bei ya boti, msije mkaanza kuchangishana mchangani.

Mwalimu Mstaafu, Ngamiani
Kuna jambo mababu hawatalisema, nalisema mimi. Maziwe hakuna kichaka, hakuna choo, hakuna kivuli. Mjukuu wangu wa miaka 14 alinisogelea akaninong'oneza kwamba siku zake zimemfikia palepale, wiki nzima kabla ya wakati. Nilikuwa na kanga mbili. Nikamsimamisha ubavuni mwa mashua, moja nikaitandaza kama pazia, ya pili tukaichana. Nahodha, Mungu ampe kheri, aligeukia upande wa Pemba akaukazia macho utadhani anasubiri meli. Mtoto hakuniachia mkono mpaka tunashuka Ushongo.

Tangu hapo kikapu changu kina pedi, kanga nne, turubai na fito za kulisimamisha. Maji ya kunywa siyataji, hilo mnalijua.

Kijana wa Makorora
Shikamooni. Mimi nilikuwa ndiye mjukuu. Bibi alitaka kutupeleka Toten, pua na mdomo na mjini, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Jina lenyewe la Kijerumani, maana yake wafu. Nikagoma, likizo yangu niende makaburini? Bibi hakubishana. Akanipa hela yote mkononi: "Kapatane na nahodha wewe, mimi mgongo unauma."

Nikapatana kama mwanaume. Kabla ya kulipa nikahesabu jaketi za kuokolea maisha: tano, na sisi saba. Nikasema hatupandi. Nahodha akanuna, akasema maji yenyewe yametulia, na safari fupi. Bibi kakaa juu ya ndoo, kimya, ananitazama tu. Zikaletwa mbili. Makaburi yenyewe siyakumbuki sana.

Babu wa Pongwe
Nilirudi Maziwe mwaka uliofuata, safari hii kwa mwezi. Kasa bado wanakwenda kutaga pale, na watu wa uhifadhi huyahamisha mayai wakayazika upya ufukweni Ushongo, maana kwenye fungu yangezama. Nikawaeleza wajukuu kwamba kasa jike hurudi kutaga pande zile alikozaliwa. Yule yule wa "umelipia maji" akasema, "Kumbe na yeye anatumia kalenda ya zamani, kama babu."

Bibi wa Chumbageni
Ahsanteni. Ni Maziwe, mwezi ukiwa mpevu, na wazazi wao nimewaambia tarehe haijadiliwi. Kanga nimeshazitoa sandukuni. Mume wangu nimemtumia meseji kwamba hela na jaketi ni juu yake. Amejibu, "Poa." Kwake yeye hiyo ni hotuba.