Vipande vyembamba vya upinde vinatoka vinene ukingo mmoja, nirekebishe nini?

fundi_naka
Habari zenu mafundi. Niko Nakuru, kazi yangu ni fanicha, na tangu mwaka jana nimeshikwa na hii hamu ya kutengeneza pinde za kubandika, zile za vipande vinne ama vitano vimeshikana na gundi ya epoksi, si za fimbo moja. Si za kuwinda, kuwinda kulishakatazwa zamani, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakaza zaidi, ni za kulenga shabaha tu. Nimesimamisha gunia la nyasi nyuma ya nyumba na mpwa wangu akitoka shule hata chai hanywi, anauliza upinde uko wapi.

Sasa shida yangu ni vipande. Napasua mukima (mbao ya grevillea) kwa bendi so unene kama milimita 4, halafu nataka nivishushe mpaka 3 sawasawa, urefu wote wa sentimita 90. Mashine ya msasa ya unene sina, kwa hivyo nimefunga ngoma ya msasa kwa drili ya kusimama, nikafunga ubao wima juu ya meza uwe kama ukuta, napitisha kipande hapo katikati. Inakula vizuri lakini nikipima na vania (kile kipimo cha unene) ukingo wa juu ni 3.0 na wa chini 3.3, na kila mahali nimebadilisha mkono kuna bonde. Upinde wa kwanza mkono wake wa chini, yaani ile nusu inayopinda chini ya kishikio, umejisokota, ugwe unakaa kando ya kishikio badala ya kupita katikati. Nikajaribu plena (randa ya mashine) ya jirani, kipande cha tatu kikapasukia ndani kikatoka kama njiti za kiberiti. Ninunue mashine gani, ama kuna kitu nafanya vibaya? Sitaki kuacha hii kitu.

mzee_kibuye
Fundi, plena achana nayo kabisa kwa kitu chembamba hivyo. Kisu kinainua nyuzi, na ukifika milimita 3 hakuna mbao imebaki ya kushikilia, mahali nyuzi zimepinda kidogo tu inang'oka yote. Msasa hauinui, unakwangua, ndio maana watu wa pinde wanatumia msasa.

Lakini drili nayo si mashine ya kusukumwa kwa ubavu. Beringi zake zimewekwa kubeba nguvu ya kushuka chini, ukiisukuma kando shafti inayumba, na hiyo 0.3 yako inatoka hapo pamoja na meza ambayo haijakaa sawa na shafti. Weka guniamu (skwea) kati ya meza na ngoma uangalie mwanga, utaona nafasi juu ama chini. Na kitu kingine kinaniogopesha, kwa drili nyingi chaki, ile sehemu inayobana keekee, imekaa kwa koni tu, imeshikwa na msuguano, ukisukuma ngoma kwa ubavu muda mrefu inaweza kuchomoka ikizunguka. Nimeona moja ikianguka kwa meza na kukimbia mpaka mlangoni. Mwenye karakana alikuwa amesimama upande ule mwingine, Mungu alimwona.

Usinunue mashine. Tafuta mota ya nguvu ya farasi moja, beringi mbili za stendi na shafti iliyonyooka, hizo vitu hapa Kibuye, Kisumu, tunatoa kwa mashine zilizokufa na huko Nakuru hazikosi. Kata duara za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), zitoboe katikati, zibandike kwa shafti zikifuatana mpaka upate ngoma ya upana wa sentimita 10 hivi. Meza iwe chini ya ngoma, kipande cha blokbodi kilichonyooka kimefungwa na bawaba upande mmoja na bolti ya kuinua upande ule mwingine. Hiyo bawaba ilale sambamba na shafti, hapo usiharakishe.

Utamu wake ni huu. Ngoma ikishakaa, bandika msasa mkali juu ya ubao ulionyooka, ulaze kwa meza, washa mota halafu inua polepole. Ngoma inajichonga yenyewe mpaka inakuwa sambamba na meza yako, hata kama ulitoboa vibaya. Ukimaliza ndio unaizungushia msasa wa 60 na gundi ya viatu. Usibandike kabla, na usije ukahamisha beringi baadaye, maana utaanza upya.

akinyi_wa_mbao
Mzee amesema yote kuhusu ngoma, mimi naongeza ya bolti. Tumia ya M6, uzi wake unapanda milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Ukiiweka mbali na bawaba mara mbili ya vile ngoma iko mbali, mzunguko mmoja unainua meza nusu milimita tu hapo chini ya ngoma, na robo ya mzunguko ni kama 0.12. Mimi sikati zaidi ya hiyo robo kwa safari moja. Ukikaza zaidi mbao inaungua, inang'aa, na epoksi haipendi pahali pameng'aa.

Yale mabonde yako yanatoka kwa kusimama. Ngoma haijui umechoka, ukisimama inaendelea kula palepale. Kwa hivyo sukuma bila kukatiza, ikifika nusu mtu wa pili aivute upande ule mwingine kwa mwendo uleule, na kipande kipingane na mzunguko wa ngoma, usikifuatishe, kinaweza kukunyang'anya mkononi kikaruka kama mshale wenyewe. Safari mbili za mwisho usiguse bolti, geuza tu kichwa kuwa mkia upitishe tena.

Na usidharau hiyo 0.3, fundi. Ugumu wa mkono wa upinde unafuata unene mara tatu, yaani unene kwa unene kwa unene. Mikono yako ikiwa na jumla ya milimita 12 na mmoja uzidi 0.2 peke yake, ule umekuwa mgumu kwa karibu asilimia 5. Upana ukizidi hausumbui hivyo, unaongeza kwa kadiri yake tu.

Vaa barakoa nzuri na mikono mirefu, mukima kuna watu unawawasha ngozi vibaya. Mimi nilivimba shingo siku tatu.

fundi_naka
Asanteni sana mzee na dada, hiyo ya chaki kuchomoka sikuwa najua na jana tu nilikuwa nimeinamia hapo. Swali moja, nikitaka kipande kinachopungua kuelekea ncha nafanyaje na meza iko sawa?

akinyi_wa_mbao
Unachonga ubao wa kubebea. Chukua ubao wa mita 1 ulionyooka, uweke viinuo chini yake vinavyoongezeka kila sentimita 25, nusu milimita, moja, moja na nusu, mpaka 2 mwishoni, bandika, kisha upitishe chini ya ngoma mpaka uso wote uguswe. Ukitoa viinuo unabaki na ubao unaopungua milimita 2 kwa mita. Juu yake unalaza kipande chako kwa tepu ya kushika pande mbili, na kigingi kidogo nyuma kisiteleze. Viinuo vyangu nilikata kwa kadi za zamani za kukwangua kredi, zile ngumu, unapanga na kupima na vania mpaka upate.

kip_molo
Kwa mgongo wa upinde, ule uso unaoangalia shabaha, tafuta mwanzi wa ukuta mnene, ile mikubwa iliyopandwa huko Migori na Homa Bay badala ya tumbaku. Saga upande wa ndani peke yake. Ngozi ya nje usiiguse na msasa, maana nyuzi zenye nguvu zimejaa huko nje. Na mbao ikitoka upande wa ziwa Victoria ilaze ndani kwako wiki kadhaa kwanza, hewa ya Kisumu na ya Nakuru si moja, itanywea ukishabandika.

fundi_naka
Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu. Shafti nilipata kwa mashine ya kusaga mahindi iliyokufa, ngoma ikajichonga karibu saa nzima, vumbi mpaka kwa nyusi. Leo nimepitisha vipande sita vya mukima na mke wangu ndiye alikuwa anavuta. Nimepima kila sentimita 10, kingo zote mbili. Cha chini kabisa ni 2.96, cha juu 3.03. Nimevifunga pamoja na gazeti visiguswe na mikono yenye mafuta, mpwa amekata tyubu za baiskeli mistari mirefu ya kukazia, na Jumamosi asubuhi nabandika.